Bunduki ya Grazmach na Jina la Enanu

Yirdaw mhunzi aliishi kijijini kwetu Wanza Meda miaka hamsini na mitatu, na sikumbuki mtu hata mmoja aliyewahi kuingia nyumbani kwake akanywa maji. Ncha ya plau ikikatika unampelekea. Shoka, mundu, kisu cha kuchinjia kondoo wa Pasaka, vyote vilipita mkononi mwake. Lakini ukifika unasimama nje ya ua, unaita, unaweka chuma chako juu ya jiwe, kisha unarudi nyuma hatua tatu. Hata mimi nilifanya hivyo, na mimi ni kasisi, niliyehifadhi Zaburi yote kabla sijaota ndevu. Usinitazame hivyo. Kila mtu alifanya.

Sababu ni jicho. Kwetu Gojjam wahunzi na wafinyanzi walisemwa kwamba wanakula watu kwa macho. Akikutazama unapokula, chakula kinakugeukia tumboni. Akimsifia mtoto aliyenona, mtoto anakonda mpaka anakwisha. Na kukiingia giza, eti, wanageuka fisi. Yirdaw awe fisi, jamani! Mtu aliyekuwa akiona mbwa wa jirani anazunguka njia ya mbali.

Mkewe, Enanu, alikuwa mfinyanzi. Hakuna jiko kijijini ambalo halikuwa na chungu chake, na kikaango cha kuokea injera ukikinunua kwingine kilikuwa kinapasuka mwezi wa kwanza. Wanawake waliokuja kununua walisimama mbali wakielekeza kwa kidole. Enanu aliwaita kutoka mlangoni: "Karibu ndani, shoga, usiogope. Leo nimeshakula, nimeshiba." Halafu anacheka peke yake. Wale wanawake walifunika nyuso za watoto wao kwa shuka, na bado walitaka awapunguzie bei.

Hayo yote Enanu aliyazoea. Kitu kimoja hakukizoea, na ndicho hiki ninachotaka kukisimulia, maana mimi nilikuwamo ndani yake mpaka shingoni.

Kijiji kilikuwa na chama cha kuzikana, kama vijiji vyote. Mtu akifa inapulizwa pembe, na kila kaya inatoa watu. Wanaume wanachimba na kubeba jeneza, wanawake wanakaa na wafiwa siku tatu, wanalia, wanapika, wanalia tena. Kaya mia moja na kumi zilikuwa kwenye daftari, na daftari nililiandika mimi kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Nyumba ya Yirdaw haikuwamo. Mhunzi akifiwa alijizikia.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, Enanu akaanza kukohoa. Mwanzoni ilikuwa kikohozi tu cha moshi wa tanuri, kisha ikaja damu. Hakuwa na watoto walioishi. Yirdaw aliniambia baadaye kwamba mkewe hakuogopa kufa hata kidogo. Alichokiogopa ni namna mama yake alivyozikwa, kule kwao ng'ambo ya mto. Alibebwa na watu wawili tu, mume na mwanawe, na kwenye mteremko kitanda kikawaponyoka, maiti ikaviringika hadi kwenye matope. Enanu alikuwa na miaka tisa, aliona kwa macho yake. Akamwambia mumewe: "Mimi nataka watu. Hata kama hawanipendi. Waje walie kwa uongo, mimi nitajuaje?"

Basi mwaka huohuo Grazmach Wondyirad akaanguka. Grazmach ni cheo cha vita, na yule mzee alikipata kwa haki, maana miaka mitano ya Waitaliano alilala porini na bunduki kifuani. Bunduki yenyewe ilikuwa ya Kifaransa, ya kijeshi, ya tangu enzi za babu zetu. Sisi tunaiita wujigra. Nyumbu wake aliteleza kwenye matope, mzee akaangukia juu ya bunduki yake, nyonga ikavunjika na kitako cha bunduki kikavunjika vilevile, pale kwenye shingo nyembamba nyuma ya kifyatulio. Mzee akaifunga bunduki kwa kamba akiwa kitandani. Nyonga haikufungika. Akafa mfungo wa Mama Maria ulipokwisha.

Siku ya arobaini, mwana wa mtu kama yule husimama mbele ya kaumu na bunduki ya baba yake, anajigamba, anataja vita na waliouawa, anapiga risasi. Ndipo watu wanajua kwamba nyumba ile bado ina mwanamume. Mwana alikuwa Tsegaw, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, mtu mnene mwenye sauti, ambaye hajawahi kupigana na kitu chochote kikubwa kuliko jogoo. Angesimamaje na bunduki iliyofungwa kamba kama mzigo wa kuni? Wangemcheka mpaka kaburini.

Akaenda kwa Yirdaw, akanichukua niwe shahidi. Alisimama nje ya ua, akaweka bunduki juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua zake tatu. Yirdaw akaiokota, akaigeuza taratibu.

"Hii kamba kafunga nani?" akauliza.

"Baba mwenyewe."

"Mungu amrehemu. Kupigana alijua. Kufunga kamba, hapana."

Tsegaw alitaka kucheka akajizuia. Akauliza bei. Yirdaw akasema hataki birr. Tsegaw akamtajia kondoo. Hataki kondoo. Nikamwona anafuta mikono kwenye suruali, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Enanu anaumwa," akasema. "Nataka jina lake liandikwe kwenye chama. Langu mkitaka liacheni."

Nilijua Tsegaw anachohesabu kichwani: manung'uniko ya wazee upande mmoja, aibu ya siku ya arobaini upande wa pili. Mwishowe akaapa kwa kaburi la baba yake, mbele yangu, kwamba bunduki ikitoka imara na kupiga siku ile, kesho yake kasisi ataandika majina yote mawili. Yirdaw akanitazama mimi, si Tsegaw. Nikaitikia kwa kichwa. Nilifurahi hata, Mungu ananijua. Nilidhani nimefanya jambo la Kikristo.

Kisha Tsegaw akaniambia pembeni niwe naenda kila siku kukaa pale, nitazame yule mtu asije akatia kitu chake kwenye mti wa bunduki ya baba yake. Ndivyo nilivyopata kumjua Yirdaw baada ya kuishi naye kijiji kimoja miaka yote ile. Nilikaa kwenye jiwe, msalaba mkononi, kama askari wa zamu.

Kwanza aliitenganisha. Mtutu na komeo akavifunga kwenye kitambaa, akabaki na mti peke yake. Ulikuwa mweusi kwa jasho na moshi na siagi aliyojipaka mzee kichwani, huwezi kujua rangi yake. Aliupaka majivu yaliyolowana kidogo, akauacha juani unyonye uchafu, akaufuta, akarudia, siku nne. Rangi ikatoka chini, kahawia yenye mishipa, mti wa Ulaya ambao kwetu hauoti. Hakutumia msasa hata mara moja. Nikamuuliza kwa nini asiusugue tu umalize kazi. Akasema mkono wa mzee umeuchimba huu mti miaka arobaini, na akiusugua atakuwa amemfuta mwenyewe.

Kitako kilikuwa na misumari midogo ya shaba iliyopigiliwa ubavuni, mmoja kwa kila adui. Misumari kumi na minne. Yirdaw akaisafisha mmoja mmoja, akaniita nisogee. Akanionyesha kwamba kumi na mmoja ilikuwa ya zamani, imelika, na mitatu bado ina makali ya nyundo.

"Hawa watatu," akasema, "Grazmach kawaua Waitaliano wameshapanda meli."

Nilicheka mpaka kofia ikaniteleza. Siku ile Enanu alikuwa kwenye jua la mlangoni amejifunika, akacheka naye, kicheko kikageuka kikohozi. Kisha akainuka kwa taabu akaniletea kahawa. Nikaipokea. Alipogeuka kurudi nikaimwaga kwenye majani, haraka. Akawa amegeuza shingo, akaniona. Kesho yake akaniletea kikombe kingine, na siku ya tatu pia, na zote nilizimwaga.

Kwenye ule ufa alikata ulimi wa mzeituni mwitu, akauchongea tundu la kulalia ndani ya mti wa zamani pande zote mbili, akaujaribu, akautoa, akapunguza unywele, akaujaribu tena. Siku mbili nzima kwa kipande kisichozidi kidole. Gundi aliichemsha mwenyewe kwa ngozi na kwato, harufu ikafukuza hata inzi. Akabandika, akakaza kwa kamba na vijiti, akaacha. Palipobonyea akaweka kitambaa kibichi na kukigusa kwa chuma cha moto, mti ukafura ukarudi mahali pake. Halafu mafuta ya kitani kwa kiganja, tone moja moja, anasugua hadi kiganja kinapata moto, siku baada ya siku. Mwisho kabisa alichukua ngozi mbichi ya shingo ya fahali, akaishona ikiwa imelowa kuzunguka ile shingo ya kitako, mshono kwa ndani, akaianika kivulini. Ngozi ilipokauka ilijivuta ikabana. Nilijaribu kuingiza kucha, haikuingia.

Sijui bunduki, lakini nilijua ninaangalia kazi. Aliifunga pamoja, akaipiga juu ya gogo, akaitikisa, akaiegemea kwa uzito wake wote. Haikulia. Enanu aliomba aishike. Akaiweka magotini, akapitisha kidole kwenye ngozi, na akasema kwamba hajawahi kuona mtu akichongewa jeneza zuri namna ile. Yirdaw hakupenda utani huo. Mimi pia sikuupenda.

Zilibaki siku tano kufika ya arobaini. Tsegaw alipokuja kuichukua, Yirdaw alisema maneno yake polepole, na alihakikisha nami nasikia. Ipige hata leo, lakini isiguswe na maji mwezi mzima. Isinyeshewe, isiachwe kwenye umande. Gundi ni ngozi na hiyo ya juu ni ngozi, zote zikinyweshwa zinarudi laini. Mafuta yakishaingia vizuri na mwezi ukapita, hata uiogeshe mtoni haitajali. Tsegaw akasema amesikia. Nilisema na mimi nimesikia.

Mama yake Tsegaw, Mama Askale, mjane wa Grazmach, hakuwepo siku ile. Aliiona bunduki nyumbani, imeegemezwa ukutani inang'aa, akakataa kuikaribia. Akaniita. Akasema mti ule umekaa majuma matatu chini ya macho ya watu wale, wameulamba kwa macho usiku na mchana, na mwanawe hataweka shavu lake pale mpaka usafishwe. Maji ya baraka, asubuhi tatu mfululizo.

Nilisema kwa sauti ndogo kwamba fundi alikataza maji.

"Maji ya mtoni au maji ya Mungu?" akauliza Mama Askale.

Tsegaw naye akanigeukia, akasema, "Kwani Abba, maji ya baraka yameanza lini kuharibu vitu?"

Hapo ndipo nilipokwama. Ningejibu nini? Kila Jumapili nawamwagia watu maji hayo, wagonjwa, vipofu, wenye mapepo, nawaambia yanaponya kila kitu. Leo niseme hayafai kwa ngozi ya ng'ombe? Ningeweza kusema tunyunyize tone moja kwenye mtutu. Ningeweza kusema tungoje mwezi upite. Mambo hayo niliyafikiria baadaye, nikiwa kitandani, kama kawaida ya waoga. Pale mbele yao nilisema sawa.

Nikaimwagia. Nilichota kwenye mtungi wa kanisa, mtungi ambao Enanu ndiye aliyeufinyanga, nikaimwagia bunduki kuanzia mdomo hadi kitako huku nikisoma. Mama Askale alisimama pembeni akisema ongeza, hapo hapo alipopashika, ongeza. Asubuhi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile ya tatu nilipoifuta, kidole changu kilizama kidogo kwenye ngozi. Ilikuwa inateleza. Nikaiweka juani nikajiambia itakauka kabla ya kesho. Kukawa na mawingu.

Siku ya arobaini kilichinjwa kila kilichochinjika. Pombe ya asali ilimiminwa tangu asubuhi, watu walijaa ua wote wa Grazmach na kumwagika hadi barabarani. Yirdaw na Enanu walikuwa nje ya uzio. Hawakualikwa, lakini hakuna aliyewafukuza. Yeye alivaa shuka lililofuliwa likawa jeupe hasa, na mkewe aliketi juu ya kigoda amemwegemea mguuni. Alikuwa amebaki mifupa. Ila alitabasamu, na nilielewa kwamba hakuja kwa ajili ya bunduki. Alikuja kuwaangalia watu watakaomlilia.

Tsegaw akaingia katikati. Nitamsifu kwa haki, alijigamba vizuri. Alitembea huku na huku, akainua bunduki juu, akataja mito na vilima na majina ya makapteni, akasema yeye ni mwana wa aliyelala na mvua miaka mitano. Wanaume wakaguna, wanawake wakapiga vigelegele. Akataja wote kumi na wanne. Nilimtupia Yirdaw jicho, naye alikuwa anaangalia chini asicheke. Kisha Tsegaw akatia risasi, moja kati ya tatu alizoachiwa, akaelekeza juu, akapiga.

Moshi ulipoondoka tulimwona ameshika nusu ya bunduki. Kitako kilikuwa chini. Chuma cha nyuma kilikuwa kimerudi kikampiga mdomoni, na damu ilikuwa inamchuruzika hadi kwenye vazi la baba yake. Akatema jino. Mtu mmoja nyuma, mlevi nadhani, akaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichowamaliza Yirdaw na mkewe, maana Tsegaw angeweza kusamehe jino.

"Jicho!" mwanamke mmoja akapiga kelele, na umati wote ukageukia uzio.

Walimvuta Yirdaw ndani kwa lile shuka lake jeupe. Walimpiga, si sana, kwa kuwa waliogopa kumgusa. Walimpiga kwa fimbo za mbali. Yeye hakujikinga. Alitambaa mpaka kwenye kitako, akakiokota, akakibonyeza pale kwenye ngozi. Ikabonyea kama nyama. Ulimi wake wa mzeituni ulikuwa umetoka mzima, umeteleza tu, una ute wa gundi.

Akasema, bila kupaza sauti, "Hii imeloweshwa. Nani kailowesha?"

Walisikia wote.

Mama Askale ndiye aliyejibu. Alisema ndiyo, imemwagiwa maji ya baraka, asubuhi tatu, ajue hivyo. Maji ya baraka hayajawahi kuvunja kitu cha Mkristo. Kilichokuwa ndani ya mti ule ndicho kilichoshindwa kuyavumilia, kikapasua mti kikatoka. Wangeacha kumwagia, kingetoka siku nyingine kikamuua mwanawe. Watu wakaanza kuitikia, ndiyo, ndiyo, ndivyo ilivyo. Halafu akanigeukia mimi.

"Si kweli, Abba?"

Yirdaw alikuwa amepiga magoti na kitako mkononi. Aliniangalia. Enanu alikuwa ameng'ang'ania fito za uzio kwa nje, naye akiniangalia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lilikuwa fupi, hata mtoto angeliweza. Ningesema: fundi alionya, mimi nilisikia, nikamwaga. Tsegaw angenichukia, Mama Askale angenipeleka kwa askofu, watu wangejiuliza juu ya maji yangu. Ndiyo hasara yenyewe. Nisingekufa kwa njaa.

"Kweli," nikasema.

Nimeungamisha wauaji maishani mwangu, na wazinzi, na mtu aliyemwekea ndugu yake sumu. Sijasikia neno baya kuliko hilo. Yirdaw aliweka kitako chini taratibu, akaenda kumwinua mkewe.

Enanu alifariki majuma saba baadaye, wakati wa mavuno. Siwezi kusema aliuawa na siku ile, kifua chake kilikuwa kimeshakwisha. Lakini nilisikia kwamba tangu siku ile hakutania tena. Wanawake walinunua vyungu vilivyobaki uani, wakaviacha vikombe alivyonywea kahawa.

Yirdaw alinijia asubuhi, akasimama nje ya ua wangu, hatua tatu. Akasema amekufa. Nikamuuliza habari za ndugu wa marehemu. Akasema amewapelekea habari, lakini jua ni kali, hawezi kungoja. Nilijua pembe haitapulizwa. Ningeweza kuipuliza mwenyewe, ilikuwa inaning'inia ukutani kwangu. Nilivaa nikamfuata.

Alikuwa ameshamfunga kwenye mkeka na kumtengenezea mkanda wa ngozi. Akachuchumaa, akajitwika mgongoni, akasimama. Alibeba mwenyewe. Kutoka kwake hadi kanisani ni mteremko kisha mlima, na alikuwa mtu wa miaka hamsini. Mimi nilitangulia nikisoma. Mkono mmoja ulikuwa na msalaba, wa pili ulikuwa na mwavuli wa kanisa, na sikuona mahali pa kuuweka mwavuli. Tulipita nyumba kumi na sita. Wanawake walikuwa nyuani wanapepeta nafaka, wakaacha kupepeta tulipopita, wakaendelea tulipokwisha kupita. Kwenye mlima aliteleza mara moja, akapiga goti, lakini hakumwachia. Nilisimama nikamngoja.

Kaburi alikuwa amelichimba alfajiri, kwenye pembe ya chini ya uwanja wa kanisa, kwenye mawe. Akamshusha. Nikaanza sala za maziko. Nilipofika katikati alinigusa mkono, mara ya kwanza kunigusa maisha yake yote.

"Abba," akasema, "lia kidogo. Alitaka watu."

Sikutegemea hivyo. Nilijaribu, haki ya Mungu nilijaribu. Macho yalikuwa makavu. Nikapandisha sauti ya kusoma ili isikike kama kilio, na Yirdaw akasikiliza kwa makini, akaelewa ninachofanya, akachukua jembe akaanza kufukia kabla sijamaliza.

Akaendelea kuishi pale. Aliendelea kunoa plau zao, wao wakaendelea kuweka vyuma juu ya jiwe. Tsegaw aliweka jino la dhahabu mjini. Kisha mfalme akaondolewa, wakaja vijana wa serikali mpya na kofia zao, wakaligawa shamba la Tsegaw na kututangazia mkutanoni kwamba hakuna tena mtu wa jicho, mhunzi ni mfanyakazi, na vyama vyote viandikwe upya, wahunzi kwanza. Nikapewa daftari jipya na kalamu, kwa sababu mwandiko wangu bado ulisomeka. Kijana kiongozi akamwita Yirdaw mbele, akamshika bega, watu wakapiga makofi kama walivyoagizwa.

"Mzee, jina lako kamili," akasema kijana.

"Andika Enanu Kassa," Yirdaw akasema. Hakumwambia kijana. Aliniambia mimi.

Kijana akauliza Enanu ni nani na yuko wapi. Yirdaw akamwambia ni mke wake, amekufa mwaka wa tatu sasa. Kijana akacheka kwa upole, akamweleza kwamba marehemu haandikwi, chama ni cha walio hai, aseme jina lake yeye. Yirdaw alisubiri. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, wino unakauka. Watu mia na zaidi walikuwa wananitazama, na Tsegaw miongoni mwao.

"Basi na mimi niacheni," Yirdaw akasema, akatoka.

Kesho yake alipakia fuawe yake juu ya punda akaondoka, hatukumwona tena. Lakini pale mkutanoni, alipokuwa bado hajafika hata kwenye lango, yule kijana aliniinamia akaniuliza yule mzee ana nini. Nikamwambia sijui.